Marlys Tollefson Alichagua Chuo Mara Mbili

Barua zote mbili zilifika siku moja, Jumanne ya Aprili mwaka 1974, na mimi ndiye niliyezitoa kwenye gunia. Posta yetu ya Skare ilikuwa dirisha moja tu ndani ya duka la ushirika, kati ya rafu ya mbegu na friji la maziwa, na nililisimamia dirisha hilo miaka thelathini na moja. Kijiji kilikuwa na watu mia mbili na arobaini. Kwa idadi hiyo, mtu wa posta anajua mambo ya watu kabla ya wenyewe. Barua ya chuo ikiwa nyembamba, umekataliwa. Ikiwa nene, umekubaliwa. Hizi zote mbili zilikuwa nene.

Moja ilitoka Chuo Kikuu cha Marquand kilichoko Minneapolis, wanafunzi elfu ishirini na zaidi. Nyingine ilitoka Chuo cha Brandvold, kilomita ishirini kutoka kwetu, wanafunzi mia nne, na ng'ombe wa jirani waliozoea kuvunja ua na kwenda kulala kwenye uwanja wa mpira.

Nilimpigia simu Verna, mama yake Marlys, kazini kwake.

"Zimekuja," nikamwambia.

"Nene au nyembamba?"

"Nene."

"Ya huku au ya kule?"

"Zote mbili, shoga."

Nilisikia masufuria yakigongana nyuma yake. "Haya," akasema. "Sasa ndiyo tutasumbuana."

Verna Tollefson alikuwa mpishi mkuu wa Chuo cha Brandvold, mwaka wa kumi na nane huo. Mtoto wa mfanyakazi alisoma pale bila ada, na tangu Marlys anatambaa Verna alikuwa amejipangia moyoni kwamba huyu atasoma Brandvold. Mumewe, Orrin, alilima mahindi na soya. Alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa watu wa kwetu, ambao mtu akisema "si mbaya" basi amekusifu sana. Kitu kimoja tu kilimfanya Orrin azungumze, nacho ni hali ya hewa. Kila siku saa moja asubuhi alikwenda nyuma ya zizi, akasoma kipimo cha mvua na kipimajoto, akaandika kwenye daftari, na mwisho wa mwezi akaipelekea serikali hesabu ya mvua yake. Hakulipwa kitu. Marlys alipofika miaka tisa, kazi hiyo ikawa yake, na hakuwahi kuruka siku hata moja, hata alipopata tetekuwanga.

Mwaka alipotimiza kumi na mmoja, kimbunga kilipita kusini mwa shamba lao, kikalibeba ghala la akina Ness na kulitawanya mtoni. Sisi wote tulikimbilia vyumba vya chini ya nyumba. Yeye baba yake alimkuta amesimama kwenye ngazi za kushukia, kichwa kikiwa nje, anahesabu sekunde kati ya mwanga wa radi na ngurumo. Orrin alimvuta kwa mkanda wa gauni. Alinisimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara niliona amekasirika na kujivunia kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo Marlys alitaka kusomea hali ya hewa. Brandvold hakukuwa na somo hilo.

Sikuwahi kuolewa, na kila Alhamisi nilikula kwa akina Tollefson, ndiyo maana nilikuwepo mezani ugomvi ulipoanza.

"Brandvold wana fizikia," Verna alisema huku akipakua.

"Wana mwalimu mmoja wa fizikia, Mama."

"Na wewe ni mwanafunzi mmoja. Mnatoshana."

Nilicheka. Marlys hakucheka. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mabega ya baba yake, na alipokuwa na neno zito la kusema aliiangalia sahani badala ya mtu.

"Mama, sitaki kusimama kwenye foleni na sinia, halafu wewe ndiye unanipakulia viazi mbele ya watu. Nikienda pale sitakuwa mwanafunzi. Nitakuwa mtoto wa mpishi."

Verna aliuweka upawa mezani polepole.

"Wewe ni mtoto wa mpishi," akasema. "Hata ukienda mwezini."

Kisha Orrin akaomba siagi, akaipaka kwenye chapati ya viazi, akaikunja vizuri, na kabla ya kuitia mdomoni akasema, "Akaone kote kwanza." Na kwa Orrin hiyo ilikuwa hotuba.

Aprili si mwezi wa mkulima kuacha shamba, na Verna alikuwa na watu mia nne wa kulisha, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka mjini. Nilichukua likizo ya siku moja, ya kwanza kwa miaka mitatu. Njiani Marlys aliongea mfululizo saa mbili nzima, kitu ambacho sikuwahi kukisikia kutoka kwake.

Marquand ilikuwa na majengo marefu ya matofali mekundu na njia za chini ya ardhi zinazounganisha majengo, ili watu wasitembee kwenye baridi. Mwanafunzi aliyetutembeza alikuwa akitembea kinyumenyume na kutabasamu, na nilikaa roho juu asije akaanguka. Alituingiza kwenye ukumbi ambamo mhadhara ulikuwa unaendelea. Niliwahesabu watu kwa mistari, nikafika mia tatu, nikaacha. Mbele kabisa, mbali, profesa mdogo kama kidole aliandika ubaoni bila kugeuka.

"Anawajua majina?" nikamnong'oneza kijana.

"Hapana, bibi," akajibu kwa heshima. "Lakini mitihani ina namba."

Mimi nilikuwa nimeshaamua hapo. Lakini baadaye tulipandishwa kwenye paa la jengo la sayansi, na kulikuwa na rada chini ya kuba jeupe, na chumba chenye mashine zilizokuwa zikitema ramani za upepo kutoka nusu ya bara. Marlys alisimama mbele ya mashine moja hadi karatasi ikafika sakafuni. Aligusa ukingo wake kwa kidole. Tulipotoka nilijua Verna ameshindwa.

Juma lililofuata alikwenda Brandvold kwa ajili ya amani ya nyumbani. Mwalimu wa fizikia, Daktari Ruth Haugland, alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye nywele alizozikata mwenyewe, na wanafunzi walimwogopa kama daktari wa meno. Marlys alinisimulia mazungumzo yao siku hiyohiyo, akiwa ameegemea dirisha langu la posta.

"Kwa nini unataka kuja hapa?" Daktari Haugland alimuuliza, bila hata kumwambia akae.

"Mama yangu anafanya kazi jikoni."

"Hiyo ni sababu ya mama yako. Yako ni ipi?"

Marlys hakuwa nayo. Akasema anataka kusomea hali ya hewa.

"Hapa idara ya sayansi tuko walimu wawili na nusu."

"Nusu ni nani?"

"Lindahl. Anafundisha kemia asubuhi, mchana analala." Kisha akamtazama. "Ningependa uje, sikudanganyi. Sijapata mwanafunzi mwenye alama zako kwa miaka sita. Lakini nikikuambia uje nitakuwa nakuiba. Nenda mjini, binti. Wana rada. Mimi nina ndoo na ngazi."

Basi akaenda mjini. Verna aliacha kupinga. Alimshonea mfarishi, akampa kopo la biskuti za tangawizi, na Septemba Orrin akampeleka kwa pikapu.

Sasa hapa lazima nikiri jambo. Marlys hakuandika barua nyumbani, aliandika kadi, na kadi haina bahasha. Nilizisoma zote. Za kwanza zilijaa: mwenzake wa chumbani anavuta sigara dirishani, ameona ramani ya dhoruba siku mbili kabla haijafika, amepotea kwenye njia za chini mara tatu. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba zikabadilika. "Nyuzi nne. Upepo kaskazini-magharibi. Niko salama." Wiki iliyofuata: "Theluji sentimita sita. Niko salama." Zilianza kufanana na daftari la baba yake. Nilimpa Verna kadi ya tatu ya namna hiyo, naye akaisoma akiwa amesimama palepale na mfuko wa sukari mkononi.

"Umeisoma?" akaniuliza.

"Nimeisoma."

"Unaona ninachokiona?"

"Naona hajasema kitu."

Verna aliirudia tena. "Bernice, unajua pale kwangu nikihesabu sahani asubuhi najua nani hajaja. Mtoto akikosa kifungua kinywa siku tatu, navua aproni, napanda ngazi za bweni, nagonga. Wengine wamelala tu, wavivu. Lakini wengine..." Aliigeuza kadi upande wa pili. "Kule nani anagonga?"

"Watakuwa na watu wa kazi hiyo."

"Watu elfu ishirini. Nani anahesabu sahani?"

Jumamosi hiyo tuliondoka asubuhi, wiki mbili kabla ya Sikukuu ya Shukrani ya mwishoni mwa Novemba. Orrin alitaka kuja, Verna akamkatalia. "Wewe utakaa kimya, naye atakaa kimya, na mimi nitabaki kuongea na ukuta."

Tulimkuta chumbani kwake, ghorofa ya saba. Alifungua mlango akiwa na nguo za kulalia, saa tano asubuhi, na kwa sekunde chache hakuonekana kuelewa sisi ni nani. Alikuwa amekonda mashavu. Mfarishi ulikuwa umetundikwa dirishani kuzuia mwanga.

Mimi nilibaki karibu na mlango. Verna aliingia, akakaa kitandani, akaweka mkoba wake magotini kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

"Umekula nini jana?"

"Mama..."

"Nimeuliza chakula tu."

Marlys akafikiri. "Biskuti za chumvi."

"Na juzi?"

Hapo ndipo alipoanza kulia. Hakulia kwa sauti. Alisimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, machozi yakidondoka kwenye zulia.

"Sijaingia darasani tangu tarehe ishirini na mbili ya Oktoba," akasema. "Nilifeli mtihani wa kwanza wa hisabati. Sijawahi kufeli, Mama. Nikaona aibu kwenda siku iliyofuata. Nikasema nitakwenda kesho. Halafu nikaanza kungoja mtu aniulize. Nilikuwa nimeshatunga uongo wa kumwambia, kwamba naumwa kifua. Wiki tatu na nusu. Hakuna aliyeuliza."

"Hata mwenzako wa chumbani?"

"Alihamia kwa mchumba wake."

Niliogopa Verna atasema yale ambayo mama yeyote angeyasema, kwamba si nilikuambia. Alikuwa na haki nayo. Alifungua mkoba, akatoa kipande cha mkate wa nyama kilichofungwa kwenye karatasi ya nta, akampa. Marlys akakila akiwa amesimama vilevile, analia na kutafuna. Alipomaliza, mama yake akamwambia, "Oga. Tukalete masanduku au tukuache, utasema ukishaoga. Mtu mchafu haamui jambo."

Alioga. Aliamua kuja nyumbani.

Skare ilijua kabla ya chakula cha mchana Jumapili. Kwenye kahawa ya ukumbi wa chini ya kanisa, Gladys Ness, ambaye kila mwaka alitangaza alama za watoto wake mwenyewe, alimsogelea Verna na sahani ya keki.

"Nasikia Marlys amerudi. Jiji limemshinda, maskini."

"Amekuja kula," Verna akasema. "Wewe keki yako hiyo umesahau kuitia chumvi, au ndivyo mnavyoipika kwenu?"

Januari Marlys aliingia Brandvold. Nilikwenda pale siku yake ya kwanza kwa kisingizio cha kupeleka vifurushi, na sioni aibu kusema hivyo. Nilisimama mwisho wa bwalo na kikombe cha kahawa. Foleni ilisogea. Verna alikuwa nyuma ya meza ya vyakula, kofia nyeupe kichwani, na binti yake alipofika mbele yake hakuinua hata nyusi. Alimtazama kama alivyomtazama kijana aliyetangulia.

"Viazi au wali?" akauliza.

Nilielewa alichokuwa akifanya. Lile neno la mezani Aprili alikuwa amelitunza miezi yote ile, na sasa alikuwa akimpa mwanawe kile alichoomba: kuwa mwanafunzi tu. Marlys alisimama na sinia lake. Nyuma yake walikuwepo wavulana kama ishirini wenye njaa, wanasukumana.

"Viazi, Mama," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi nilipokuwa. "Na uniongezee mchuzi, usinibanie."

Mvulana mmoja nyuma akauliza, "Yule ni mama yako? Kweli? Mwambie basi atupe nyama mara mbili!"

"Mwambie mwenyewe," Marlys akamjibu. "Ana upawa."

Daktari Haugland alimpokea bila karamu. Siku ya kwanza alimpa ule mtihani aliofeli Marquand, akakaa mbele yake akisahihisha kazi za wengine. Alipomaliza alimwonyesha kosa. Lilikuwa moja, la mwanzoni kabisa, jambo ambalo shule yetu ya sekondari haikuwahi kulifundisha na ambalo kila mtoto wa mjini alikuwa nalo. Mengine yote yaliporomoka juu yake.

"Ungeuliza, ungeambiwa kwa dakika kumi," Daktari Haugland alisema.

"Sikujua nani wa kumuuliza."

"Yule aliyekuwa ubaoni."

"Hakuwahi kugeuka."

"Kwa hiyo ulingoja ageuke." Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Na mimi nilikupeleka kwake. Sikufikiria hilo. Mimi nilifikiria rada."

Miaka miwili na nusu ilipita hivyo. Darasa la fizikia lilikuwa la watu watano, na mmoja akipiga chafya wote walijua ana mafua. Marlys aliimba kwenye kwaya ya chuo. Alianza kutembea na Duane Skogen, kijana mpole wa kilimo aliyekuwa na gari safi kuliko nyumba ya mama yake. Aliongea zaidi. Alinenepa kidogo, kwa mkono wa mama yake. Alhamisi alikuja kula nyumbani, na nilimsikia akicheka jikoni, nami nikajiambia kwamba basi, imeisha vizuri, msichana amepata mahali pake.

Mei ya 1977 Daktari Haugland alimwita ofisini na kumwambia aondoke.

"Nimefanya nini?" Marlys akauliza.

"Umemaliza. Nilichokuwa nacho umekichukua. Mwaka ujao nitakuwa nakurudishia vilevile kwa maneno mengine. Nimeandika barua Marquand, watakupokea mwaka wa tatu."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hapa nina furaha!"

"Naam," Daktari Haugland akasema. "Inaonekana. Inakupendeza pia."

Marlys alitoka kwa hasira, akaja moja kwa moja kwangu posta, saa ya watu wengi, akalalamika mbele ya foleni nzima. Kwamba mara ya kwanza walimfukuzia mjini, sasa wanamfukuzia kulekule tena. Kwamba watu wazima wanamrusharusha kama mpira. Gladys Ness alikuwa kwenye foleni na stempu zake, masikio wazi.

"Mama yako anasemaje?" nikauliza.

"Sijamwambia. Nani asiyejua Mama atasema nini?"

Alikosea, na mimi pia nilikosea. Alhamisi hiyo Verna alimsikiliza hadi mwisho huku akimenya viazi, kisha akasema, "Nenda."

"Mama?"

"Nimekulisha miaka miwili. Ungekuwa unanenepa tu ningesema baki. Lakini ukija nyumbani Jumapili, saa moja asubuhi nakuona unavyosimama nyuma ya zizi na lile daftari la baba yako. Unaangalia juu dakika ishirini, na chakula kinapoa." Alimenya kiazi kizima kabla ya kuendelea. "Mimi nilitaka ubaki ulipokuwa hutaki. Sasa unataka kubaki, na naona siyo sawa. Usiniulize kwa nini. Nina moyo mmoja tu na umechoka."

Orrin, upande wa pili wa meza, alisema, "Rada wameibadilisha. Mpya." Alikuwa amesoma mahali. Alikuwa akifuatilia habari za ile rada miaka mitatu bila kumwambia mtu.

Marlys alihangaika mwezi mzima. Duane alimwambia ukweli wake, kwamba hatamngoja, si kwa ubaya, ila anajijua. Brandvold ilikuwa imempa watu wanaomjua. Marquand ilikuwa na kitu anachokipenda. Nilipokuwa kijana, hakuna aliyewahi kuniwekea mezani hata kimoja kati ya hivyo nikichague, na nadhani nilimwonea wivu kidogo, hata alipokuwa analia.

Mwishoni mwa Juni alimwandikia Daktari Haugland mstari mmoja: "Nitakwenda, lakini sijafurahi." Jibu likaja kwa mkono wangu: "Vizuri. Siku ya kwanza, kabla hujafungua sanduku, nenda kagonge mlango wa yule mtu wa ubaoni. Usingoje kufeli."

Alifanya hivyo. Profesa aliitwa Abrams. Ofisi yake ilikuwa mwisho wa ujia, na mlangoni kulikuwa na karatasi iliyoandikwa saa za kuonana na wanafunzi, imefifia kwa jua. Alipogonga, mle ndani kitu kilianguka.

"Umepotea?" profesa alimuuliza, nusu amesimama. Alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye haya, na mezani alikuwa na sandwichi iliyoumwa mara moja.

"Hapana. Nimekuja kwako."

"Kwangu? Kuna nini?"

"Bado hakuna kitu. Naitwa Marlys Tollefson. Mwaka 1974 nilikaa kwenye ukumbi wako mstari wa kumi na tisa, nikafeli, nikaacha kuja. Safari hii nataka unijue sura mapema."

Marlys anasema yule bwana aliondoa vitabu juu ya kiti cha pili ili akae. Vumbi lilikuwa jingi. Alimwambia kwamba muhula uliopita, kati ya wanafunzi mia tatu, waliokuja ofisini walikuwa wanne, na wawili walikuwa wanatafuta choo.

Hata hivyo haikuwa rahisi. Alikonda tena. Alikuja nyumbani mara chache, na kadi zake zilikuwa fupi, ila sasa ziliandikwa na mtu mwenye haraka, siyo mtu mwenye aibu, na mwenye posta anajua tofauti. Alimaliza mwaka 1979, wa kumi na mmoja katika darasa lake. Orrin alikwenda mahafali kwa suti ya harusi yake, na alipoulizwa na watu wa dukani ilikuwaje, alisema, "Si mbaya."

Alifanya kazi ofisi za utabiri miaka thelathini na minne, kwanza Dakota ya Kaskazini, baadaye akasogea karibu na kwetu. Kazi yenyewe si ya kusimuliwa. Siku nyingi unasema kutanyesha, na kunanyesha, na hakuna anayekushukuru. Siku unayokosea wanakupigia simu. Jioni moja tu ya Juni, alipoona kwenye rada ndoano ndogo, alama ya kimbunga, juu ya mji uitwao Tamber, na mitambo ya king'ora ya mji huo ilikuwa imeharibika, alichukua kitabu cha simu akaanza kupiga nyumba moja moja kwa mpangilio wa alfabeti, yeye na mwenzake, mpaka mtu mmoja wa herufi D akakimbilia kanisani kupiga kengele. Nyumba kumi na moja zilibebwa. Watu wote walikuwa wameshakimbilia vyumba vya chini. Nilimuuliza kama alijifunza hayo Marquand. Akasema ndoano alifundishwa Marquand. Kitabu cha simu, hapana.

Duane alimwoa msichana wa duka la dawa, na wanaendelea vizuri. Marlys aliolewa akiwa na miaka thelathini na mitatu na mpima ardhi mmoja mtulivu, wakapata binti, Kari. Daktari Haugland alikufa mwaka 1991, na Chuo cha Brandvold kilifungwa miaka ishirini baadaye, wanafunzi walipopungua hadi sitini. Siku ya mwisho Verna, akiwa na miaka themanini na mbili, alipelekwa kwenye bwalo kwa kiti cha magurudumu. Aliitazama meza ya vyakula, akasema jiko wameliacha chafu.

Nilifikiri habari ya kuchagua ilikuwa imekwisha katika ukoo huo. Lakini miaka miwili kabla ya chuo kufungwa, Kari alikuwa amefika miaka kumi na minane, na Marlys alikuja kukaa barazani kwangu, akaweka miguu juu ya kiti cha pili kama alivyofanya utotoni.

"Ana barua nne," akaniambia. "Mbili za mjini, mbili za vyuo vidogo. Zote nene."

"Siku hizi si zinakuja kwa kompyuta?"

"Zote nene kwa kompyuta, Bernice. Ananiuliza achague kipi. Mimi, ambaye nimekwenda kote."

"Wewe uliambiwa nini?"

Trekta la jirani lilipita, dereva akainua kidole kimoja kutusalimu, nasi tukainua vyetu.

"Kila mtu aliniambia kitu chake," akasema, "na kila mmoja alikuwa sahihi kwa mwaka mmoja. Neno la Mama la kubaki lilikuwa sahihi mwaka sabini na nne, halafu likawa kosa. Haugland alikosea, halafu akawa sahihi. Mimi nilikosea mara zote mbili na nikafika. Sasa nitamwambia nini mtoto?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Nimemwambia. Amesema, Mama, hilo si jibu."

Kari hakuchukua hata moja ya zile nne. Alikwenda shule ya ufundi, miezi ishirini, kujifunza kutengeneza mitambo ya upepo, ile mikubwa myeupe iliyojaa sasa kwenye vilima vya magharibi. Marlys alinuna wiki nzima. Alidhani alikuwa amejiandaa kwa uamuzi wowote, kumbe alikuwa amejiandaa kwa mawili tu. Mumewe ndiye aliyempeleka Kari kununua viatu vyenye chuma mbele.

Masomo yalianza Jumatatu. Jumatano Kari alimpigia mama yake saa ya chakula cha mchana. Alikuwa amepanda mita themanini kwa ngazi, ndani ya mnara, akafika juu, akafungua kifuniko, akaona wilaya tatu, akatapika ndani ya kofia yake ngumu.

"Na wakasemaje?" Marlys akauliza.

"Mwalimu ameniambia nioshe kofia."

"Na wewe?"

"Nimeosha. Kesho tunapanda tena."